Nilichaguliwa, Doto akaachwa, na sasa yamewafikia watoto wetu

Shikamoo Somo,

Natumai u mzima na watu wa nyumbani wote wazima. Mimi ni mama wa miaka 36, mzaliwa wa Amu, yaani Lamu, lakini nimeolewa Malindi na huku ndiko niliko miaka 11 sasa. Safu yako naisoma kimya kimya, sikudhani iko siku ntaandika, lakini kuna fomu iko juu ya friji yangu tangu Jumatatu na kila nikiiona roho yanienda mbio, na Ijumaa ijayo lazima iwe imerudi shule.

Fomu yenyewe ni ya binti yangu, ana miaka 9, yuko gredi ya 4. Shule yao ni ya praiveti hapa hapa Malindi, wameanzisha klabu ya watoto wenye vipaji, wakafanyishwa mtihani mwezi uliopita watoto 60 na kitu wakachaguliwa 10. Jumamosi asubuhi wanafunzwa hesabu za mafumbo, sataranji na kompyuta, halafu siku za wiki wanatolewa klasi vipindi viwili. Watapewa beji na sweta ya rangi yao peke yao. Babake kafurahi, barua ameshaituma kwenye grupu la WhatsApp la familia, na mamamkwe ameshaanza kumwita daktari. Mtoto mwenyewe anapenda kweli, ameenda Jumamosi mbili za kujaribu na akirudi anaongea mpaka chakula kinampoa.

Sasa utasema kwani shida iko wapi si utie sahihi tu. Somo, itabidi nikurudishe Amu kidogo.

Mimi nilizaliwa pacha. Mimi Kurwa, mwenzangu Doto, tulifanana mpaka nyanya yetu akitutia uzi mkononi asikosee nani ameshaoga. Tulikuwa tukilala kitanda kimoja, tukienda shule pamoja na alasiri tukienda chuoni kusoma Kurani pamoja. Tulipofika darasa la sita, tukafanya mtihani wa mwisho wa muhula, na siku moja kwenye paredi hedimasta akasoma majina 14. Langu lilikuwemo. La Doto halikuwemo, na tofauti yetu ilikuwa maksi 9, nakumbuka mpaka leo manake usiku ule alizihesabu mara mbili mbili kwa vidole.

Sisi 14 tukahamishwa chumba cha kando ya ofisi, kilichokuwa na feni. Tukawa hatuchoti maji wala hatufagii, tukaambiwa sisi kazi yetu ni kusoma. Tulikuwa na prepu alfajiri na tuisheni jioni, kwa hivo chuoni nikaacha kwenda, Doto akaendelea peke yake. Na wale wengine ndio waliokuwa wakifagia klasi yetu kwa zamu. Zamu ya Doto ilikuwa Alhamisi. Nilikuwa nainua miguu dadangu apitishe ufagio chini ya dawati langu, Somo, na sikuona ajabu.

Lakini nisiseme uongo, mambo mengine yalikuwa matamu. Tulikuwa na mwalimu mmoja, Mungu amrehemu, hakutufundisha tu vya mtihani. Siku moja alitupeleka uwanjani mbele ya Ngome, ile ngome kongwe ya Amu, na fimbo ya mita moja, akatwambia leo tutapima urefu wa ukuta huu na hakuna atakayeupanda. Tukapima kivuli cha fimbo, tukapima kivuli cha ukuta, tukagawanya tukazidisha, na jibu likatoka. Mimi mwili ulinisisimka. Nilikuwa na miaka 12 na nilihisi kama nimepewa ufunguo wa kitu. Nikarudi nyumbani mbio, Doto akaniuliza mlikuwa mnafanya nini pale uwanjani na fimbo niliwaona, nami nikamjibu, "Hutaelewa, ni mambo ya klasi yetu."

Hakuniuliza tena kitu cha shule tangu siku ile.

Ya baada ya hapo ntayafupisha. KCPE ya 2003, ule mtihani wa mwisho wa darasa la nane, nikapata 389 kwa 500, Doto akapata 241. Mimi nikaitwa shule ya kitaifa huko bara, nikavuka bahari mpaka Mokowe na sanduku langu la bati mtaa mzima wamekuja gatini kuniaga, nikapanda basi. Fomu wani, mtihani wa kwanza wa hesabu nikapata 31. Sijawahi kupata 31 maishani. Kule kila mtu alikuwa namba moja wa kwao na mimi sikujua mtu akikwama anafanyaje, manake nilikuwa sijakwama, na kunyoosha mkono niseme sijaelewa niliona kama najivua nguo. Niliichana ile karatasi nikaitupa chooni na nyumbani nikapiga simu nikasema nimepata 81. Miaka 4 nikawa naishi hivo, najificha. KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, nikatoka na C+. Watu wa Amu walikuwa wakingoja daktari. Mpaka leo nikienda likizo napita vichochoro vya nyuma nisikutane na baadhi ya wazee watakaoniuliza umefika wapi. Kazi ninayo, naweka hesabu za duka la dawa, na sina njaa, lakini kuna kitu ndani hakijakaa sawa.

Doto yeye alimaliza darasa la nane akabaki. Alihitimu chuoni vizuri sana, sasa anasomesha watoto wadogo hapo mtaani kwetu na anapika mikate anauza. Tunaongea, tunapendana, lakini hili hatujawahi kulizungumza hata siku moja.

Na hapa ndipo penye moto. Mwanawe Doto, ana miaka 10, yuko kwangu tangu mwaka jana ili asome Malindi. Yuko shule hio hio, gredi hio hio na binti yangu. Mtihani aliufanya. Hakuchaguliwa. Juzi Jumamosi binti yangu karudi na karatasi ya mafumbo, yule kijana akamwambia hebu nione, na mwanangu wa kumzaa akamwambia, "Hutaelewa, ni ya klabu yetu."

Nilikuwa nakaanga samaki. Nilizima moto nikaenda kukaa chooni nikalia.

Sasa Somo, nimkatalie binti yangu asiingie, nimnyime kile kitu kitamu nilichokipata mimi kwa fimbo na kivuli? Au nimwache aende nikijua njia ile inakopita? Mume wangu anasema nina wivu na mtoto wangu mwenyewe. Na Doto nimwambie nini, manake bado hajui kama mwanawe ameachwa.

Wako,
Kurwa, Malindi

SOMO ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara 3, na mara ya tatu ilibidi niiweke chini kwanza, manake mimi nilishika chaki miaka 29 na majina kama yale 14 nimewahi kuyaandika kwa mkono wangu. Sio shule yako, lakini ni mambo yale yale. Kwa hivo sikujibu kama mtu aliyekaa kando akitazama.

Ntakwambia tulivokuwa tukifanya ofisini. Enzi zile za KCPE magazeti yalikuwa yakitoka na shule zimepangwa, nani wa kwanza nani wa mwisho, na mwalimu mkuu akiitwa mkutanoni akiulizwa wastani wa shule yake. Basi tukichukua watoto wachache tukiwapa walimu wazuri na chumba kizuri ili wapandishe wastani. Tukisema ni kwa ajili yao. Kwa kiasi fulani ilikuwa kwa ajili yetu. Wewe hukuwa na kiburi mwanangu, ulikuwa mtoto wa miaka 12 aliyeambiwa na wakubwa wote aliowaamini kuwa wenzake kazi yao ni kumfagilia. Ulilijibu swali la Doto kwa maneno tuliyokupa sisi. Na binti yako hajarithi ubaya wowote kwako, amepewa maneno yale yale na watu wazima wengine, tena kabla hata ya sweta kufika.

Kuhusu ile 31 na karatasi uliyoichana, kuna jambo nataka ulijue. Mwaka 1998 huko Marekani watafiti wawili, Claudia Mueller na Carol Dweck, walichapisha utafiti wa watoto wa darasa la tano. Waliwapa mafumbo mepesi, halafu wengine wakasifiwa kuwa wana akili, wengine wakasifiwa kuwa wamejitahidi. Kisha wakapewa mafumbo magumu wote wakashindwa. Waliosifiwa akili wakavunjika zaidi, waliporudishiwa mafumbo mepesi wakafanya vibaya kuliko mwanzo, na walipoambiwa wawaandikie watoto wa shule nyingine wamepata ngapi, wengi zaidi kati yao waliongeza maksi za uongo. Yaani 81 yako mwanangu. Ulikuwa hujui mwingine amewahi kufanya hivo, nami nakwambia wapo na wamehesabiwa. Mtoto akishaambiwa akili ndio jina lake, akipata 31 anaona ameambiwa jina si lake tena, lazima afiche.

Kwa hivo kilichokuumiza sio fimbo na kivuli, na usikubali vichanganyike. Yule mwalimu wenu marehemu alikuwa mwalimu kweli. Kilichokuumiza ni paredi na feni na kutochota maji, na kwamba hakuna mtu hata mmoja aliyekupa kitu kigumu cha kukushinda ukiwa bado mdogo, hapo nyumbani, penye watu wanaokupenda.

Kijana wa Doto naye. Mtihani mmoja wa asubuhi moja umesema hana kipaji, na najua nyumbani mshaanza kumwangalia kwa huruma, acheni. Mwaka 1921 Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford alianza kuwatafuta watoto wenye akili nyingi zaidi California, akakusanya zaidi ya elfu moja, akawafuatilia mpaka utu uzima. Watoto wawili walipimwa wakaachwa nje kwa kuwa maksi hazikufika, William Shockley na Luis Alvarez. Wote wawili walikuja kupata tuzo ya Nobel ya fizikia, mmoja 1956 na mwingine 1968. Sikwambii hivi ili umtabirie kijana makubwa, hapana, huo nao ungekuwa mzigo kama wa kumwita mtoto wa miaka 9 daktari. Nakwambia ili ujue ile orodha ya watoto 10 ni karatasi, na walioiandika walikuwa wanakisia.

Hata sheria yetu haisemi kipaji ni zawadi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ukiisoma inawaweka watoto wenye vipaji ndani ya elimu ya mahitaji maalum, pamoja na watoto wenye ulemavu. Maana yake mtoto anayekwenda mbio anahitaji kitu, kama vile asiyeona vizuri anavohitaji miwani. Je mtoto akipewa miwani anapewa na sweta yake?

Sasa ushauri wangu, na mumeo umsomee hapa kwa sauti manake wivu sio huu. Masomo yakubali, alama zikatae. Binti yako anapenda yale mafumbo, na mtoto anayeongea mpaka chakula kinapoa usimzime kwa kosa la shule ya zamani. Lakini kabla ya kutia sahihi nenda ukamwone mwalimu wa klabu, usiandike ujumbe, nenda mwenyewe. Muulize vipindi viwili anavyotolewa ni vipi, manake kama ni michezo au dini mimi ningekataa hapo hapo. Muulize wale wengine wanafanya nini saa hio, na lini watapimwa tena, na kama mtoto anaweza kuingia au kutoka bila kutangazwa. Mwambie mwanao hatavaa sweta wala beji, na ukiweza tafuta wazazi wengine wawili watatu waseme hivo hivo, utashangaa wangapi wanawaza unavowaza. Na muhula mmoja tu kwanza. Shule ikisema bila sweta hakuna klabu basi utakuwa umejua klabu ni ya nani. Hapo mrudishie fomu yake, mafumbo yanapatikana kwingine.

Ile posti ya grupu la familia mwambie babake asiifute, ila aache kuiendeleza. Mamamkwe wako ni mkubwa, humwambii acha, lakini waweza kukaa naye jioni ukamwadithia ile habari ya karatasi ya chooni. Nadhani hujawahi kumwambia yeyote. Mama wa watu akiisikia ile hatamwita tena mtoto daktari. Na binti yako pia ataisikia, akikua kidogo, kutoka kinywani mwako.

Nyumbani nao weka hivi: karatasi ya mafumbo ikiingia mlangoni ni ya nyumba nzima. Haifichwi. Wakae wote wawili mezani na wewe ukae, hesabu unaziweza, na fumbo likikushinda useme limenishinda, wakuone umekwama na hujafa.

Nimeliacha la Doto mwisho manake ndilo lililonikalisha.

Umesema Doto aliendelea chuoni na wewe ukaacha. Hebu kumbuka chuoni kulikuwaje. Hakuna klasi ya wenye akili pale. Mmoja yuko alifu na kijiti, mwenzake ubavuni yuko juzuu Amma, mwingine ameshafika Yasini, wote jamvi moja, kila mtu anakwenda mbio zake na anayejua anamsikiliza asiyejua. Mwenye haraka hangoji mtu na hakuna anayemfagilia. Mimi miaka 29 nilifundishwa semina nyingi za jinsi ya kusomesha watoto wasiolingana klasi moja, na mamangu alikuwa akinipeleka kila alasiri mahali walikokuwa wakifanya hivo bila semina.

Kisha sikiliza hili. Mtoto wa chuoni anasomeshwa nyakati za sala. Alasiri inaingia lini? Kivuli cha kitu kikilingana na urefu wa kitu chenyewe, ukiacha kile kivuli kilichokuwepo jua lilipokuwa juu adhuhuri. Doto alikuwa anajua kivuli na urefu vinavofuatana. Huenda alikuwa anakijua kuliko nyinyi 14 mliokwenda na fimbo. Ulipomwambia hutaelewa, mwanangu, ulikuwa unaongea na mtoto pekee mtaani ambaye angekwambia, ngojeni Alasiri ikaribie basi, kivuli cha fimbo kifike mita moja, mpime kivuli cha ukuta na hamtakuwa na haja ya kugawanya wala kuzidisha.

Kwa hivo usimpigie simu. Habari ya mwanawe kuachwa asiipate kwa simu wala kwa grupu. Likizo ikifika wachukue watoto wote wawili mpande basi mpaka Mokowe mvuke, na safari hii upite njia kubwa kutoka gatini. Mwambie Doto kwanza mkiwa wawili, mwambie ya mwanawe, ya ufagio wa Alhamisi, ya 31. Sijui atalia au atacheka au atanyamaza, umwache afanye lake. Halafu jioni nendeni nyote uwanjani na fimbo ya mita moja. Ngome ina zaidi ya miaka 200 pale, ukuta haujaondoka. Mwache Doto ndie aseme saa ngapi, na yule kijana wake ashike fimbo, na binti yako apime. Wewe ukae kwenye baraza uangalie, ukitaka.

Fomu ya Ijumaa isikukimbize. Mwandikie mwalimu leo hii kuwa unaomba wiki mbili zaidi na unataka kuja kuongea naye. Na ukisharudi Amu niandikie, nataka kujua Doto kasemaje.

Somo wako